Ndama Hayumo

Miaka ishirini na tisa nilipika karatasi pale Webuye.
Nilipika, ndiyo: magogo yaliingia huku yakinuka msitu,
kule yakatoka marobota meupe, moto bado,
na ile harufu ya mayai viza ikaganda mashatini
hata padri akatujua kwa pua kabla ya kuinua macho.
Daftari za watoto wa watu zilipita mikononi mwangu,
na nyumbani kwangu, Misikhu, hapakuwa na ukurasa mmoja
wa kusema shamba hili, nikifumba macho, ni la nani.

Kisha Lusweti akafa.
Wiki mbili yu barafuni, wajane wawili mlangoni,
kila mmoja na wakili wake.
Na alikuwa ametuambia, mrija wa busaa mkononi:
"Kule chini mtoni ni kwa Nasimiyu."
Mimi nilisikia. Khisa alisikia.
Karani wa mahakama Bungoma akauliza: lini?
Tukahesabu vidole. Mwaka na nusu.
Neno la mdomo, akasema, lina miezi mitatu;
msemaji akiishi kupita hapo,
lenyewe linamtangulia kaburini.

Usiku ule nikaketi na kalamu.
Nakhumicha akasimama na taa: "Unamwita nani?"
"Simwiti mtu. Nahesabu."
"Anayehesabu ng'ombe huwamaliza."
Tukalala migongo ikitazamana.
Asubuhi akaweka kikombe, akanena na dirisha:
"Cherehani ni yangu. Hiyo usiiandike."

Nikaandika mistari minne, nikafuta mitatu.
Ekari mbili na robo, lakini hati ina jina la babu
aliyekufa mimi sijaota meno.
Nitagawaje ambacho sijapewa?
Kumbe kabla ya kufunga mlango wangu
lazima nikafungue wake:
barua ya chifu, tangazo katika gazeti rasmi la serikali,
binamu wa Mbale wa kubembelezwa,
nauli, nauli tena, miaka miwili.

Nako kwenye chama cha akiba binti alipekua faili,
akanigeuzia fomu ya mwaka wa themanini na sita.
Mrithi: Makanda, ndugu yangu.
Makanda tulimzika tisini na saba.
Muda wote ule, kila mwisho wa mwezi,
nilikuwa nikimwekea marehemu pesa.

Nelima ameolewa Kitale; nilipomtaja wazee walikohoa.
Nikaliandika jina lake kwa herufi kubwa,
nikakaza kalamu
mpaka ukurasa wa chini nao ukalisoma.

Madeni pia niliyaandika. La duka la mbolea.
La Sikuku, ambaye ni yeye anayedaiwa,
na anayejua kwamba najua.

Mashahidi wawili, wasio na chao ndani:
Khisa, na fundi baiskeli wa sokoni.
Niliweka sahihi wakitazama, nao wakaweka nikiwatazama,
kimya, kama watu wanaopima chumvi.

Nilidhani nimemaliza.
Sasa kila Januari, mahindi yakishapurwa,
nafungua kopo la biskuti, nasoma.
Mwaka jana nikakuta nimempa Wekhuyi fahali
tuliyemuuza kwa karo ya Wekhuyi mwenyewe.
Nikashika kalamu nimkate; wakili akanizuia:
"Mzee, usichorechore. Andika upya,
sahihi upya, mashahidi upya."
Upya. Hii ni ya tatu. Fundi baiskeli ametangulia,
na Khisa siku hizi hatii kidole bila chai na mandazi.

Jumatatu tulitia sahihi.
Nakhumicha akafunika kopo kwa mkono wake,
akalirudisha juu ya kabati, kando ya cherehani.

Jana usiku ng'ombe amezaa.
Nimesimama zizini na tochi, miguu ndani ya matope.
Jike, paji jeupe, anatafuta titi asilolijua bado.
Ndama hayumo.